Bata si kuku: kwa nini wa kwako hawazeeki

Chumbageni, hapa Tanga, kuna bibi mmoja ana bata jike mweupe mwenye baka jeusi utosini. Siku ya kwanza nilipokwenda kwake niliitwa kumtibu mbuzi. Nikiwa nanawa mikono bombani, yule bata akaja akasimama mbele yangu, akatikisa mkia, kichwa kikienda mbele na nyuma kama mtu anayekubali kila analoambiwa. Nikamuuliza bibi, huyu ana umri gani? Hakunitajia miaka. Alimwita mjukuu wake, akasema: "Huyu alipoanza darasa la kwanza ndiyo nililetewa bata." Mjukuu alikuwa kidato cha nne.

Piga hesabu mwenyewe. Hiyo ni miaka 10, na bata bado anatembea na kula kwa fujo. Mimi ni daktari wa mifugo, na bata wengi ninaoitiwa hawafikishi hata miaka mitatu, nikiwaacha pembeni wale wanaoishia kwenye sufuria ya sikukuu. Wenyewe huniambia bata ndivyo walivyo, hawana maisha marefu. Si kweli. Bata wa kufugwa akitunzwa vizuri anaishi miaka 8 hadi 12. Wa kwetu wanakufa mapema kwa sababu tunawatunza kama kuku wenye midomo mipana.

Kwanza tumjue tunayemfuga. Bata aliyejaa kwenye nyua zetu, mwenye nyama nyekundu kuzunguka macho, anaitwa Muscovy. Jina lisikupeleke Moscow, kwao ni Amerika ya Kati na Kusini. Bata wengine karibu wote wa kufugwa duniani wana babu yao mwingine kabisa, bata mwitu mwenye kichwa cha kijani wa nchi za kaskazini. Ndiyo maana wa kwetu hapigi kelele za "kwak kwak" za kwenye katuni. Dume anapumua kwa sauti ya kukwaruza kama pampu ya baiskeli, jike ana kasauti kembamba. Kucha zake ni kali kwa sababu asili yake ni ndege wa msituni anayelala juu ya miti. Mayai yake huanguliwa kwa siku 35, wakati ya kuku ni 21 na ya bata wengine 28. (Ukimwona jirani anatupa mayai siku ya 30 akisema yameharibika, mkimbilie.)

Sasa maji. Watu wakisikia bata wanafikiria bwawa, wanakata tamaa kwa kuwa uwanja hautoshi. Bwawa si lazima. Huyu wetu ana tezi ndogo ya mafuta mkiani kuliko bata wengine (mafuta yanayozuia manyoya kulowa), wala hapendi kushinda majini. Anachohitaji ni chombo chenye kina cha kuzamisha kichwa chote mpaka macho yafunikwe. Anakula kwa kuchovya, chakula kinamwingia puani, na njia yake ya kuosha pua na macho ni hiyo moja tu.

Niliitwa kule Duga kwa bata jike aliyekuwa na jicho moja limegandana, povu pembeni, manyoya ya shavu yameshikana kama yamepakwa gundi. Mwenyewe alikuwa ameshanunua paketi mbili za antibayotiki ya unga. Nikaomba nionyeshwe bata anakunywea wapi. Kilikuwa kile chombo cha plastiki cha vifaranga vya kuku, chenye kijimfereji ambacho hata ncha ya mdomo wa bata inaingia kwa taabu. Nikaomba dumu la lita 20, tukalikata ubavuni, tukasawazisha kingo zisimkate, tukalijaza. Bata alisogea, akazamisha kichwa hadi shingoni, akakitoa, akatikisa, akazamisha tena. Tulihesabu mara 11 bila kupumzika. Siku ya nne nikapigiwa simu kwamba jicho limefunguka. Ile dawa ya unga sikuigusa.

Maji hayo yamwagwe kila siku, la sivyo unafuga mbu. Yapeleke kwenye migomba, hakuna mbolea ya bure nzuri kuliko hiyo. Na chombo kikae mbali na banda, maana bata akipata maji karibu na anapolala, kufika asubuhi pameshakuwa shamba la mpunga. Vifaranga walioanguliwa na mashine wapewe maji ya kuchovya mdomo tu katika wiki za mwanzo, na mawe uyaweke ndani wasizame. Wenye mama hupata mafuta kutoka kwenye manyoya yake, wao hawalowi upesi.

Nikifika kwa mtu, kitu cha kwanza ninachokishika ni mguu wa bata. Mguu unanieleza amekula nini na amelala wapi.

Tuanze na alichokula. Kifaranga wa bata anahitaji niasini nyingi kuliko wa kuku, yapata miligramu 55 kwa kila kilo ya chakula. Ni vitamini ya kundi B. Mahindi yanayo, lakini imefungika kwa namna ambayo tumbo la ndege haliipati. Kwa hiyo vifaranga wanaolishwa pumba za mahindi na ugali mtupu, wakifika wiki ya pili au ya tatu, utawaona wanakaa chini kila baada ya hatua chache. Kifundo kinavimba, miguu inapinda nje kama upinde. Watu wanasema wamerogwa, au wamekanyagwa. Ukiwahi, siku chache za vitamini B mchanganyiko kwenye maji zinawainua. Ukichelewa, mifupa ikishapinda hainyooki.

Mimi nashauri mchanganyiko ambao mtu wa kawaida anaweza kuupata: chenga za mahindi mazuri, pumba laini za mpunga, mashudu ya alizeti na dagaa waliosagwa. Pumba za mpunga na mashudu ya alizeti zina niasini nzuri, dagaa wanaleta protini. Dagaa wachekeche mchanga kwanza, na wawe wale wasiotiwa chumvi, bata hawaivumilii. Juu ya hapo waachie majani: mchicha, matembele, majani ya mapapai. Konokono na panzi watajitafutia wenyewe. Chakula chote kiwe kimelowanishwa kidogo au kiwe karibu na maji, kwa sababu bata akila unga mkavu unamkaba.

Usiwape vifaranga chakula cha kuku wa nyama ili wakue upesi. Nimeona tatizo lake mara nyingi: manyoya ya bawa yanakua haraka na kuwa mazito kabla kifundo cha bawa hakijakomaa, bawa linapinduka na kubaki limetazama nje maisha yote. Siku za mwanzo kabisa unaweza kulikunja na kulifunga kwa kitambaa laini, likarudi. Mikate na wali uliolala vina mchango huohuo. Na mzigo wa mwili mnene unakuja kulipwa na miguu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye alikolala. Wayo wa bata ni laini, umeumbiwa tope na majani. Mweke juu ya zege la uani na kokoto mwaka mzima, au aruke kila asubuhi kutoka juu ya ukuta na kilo zake (dume la Muscovy linafika kilo 5 au zaidi), na siku moja utaona doa jeusi gumu katikati ya wayo. Watu wanadhani ni uchafu. Chini ya doa hilo kuna usaha, ila usaha wa ndege hautiririki, ni mgumu kama kiini cha yai lililochemshwa. Bakteria wakitoka pale wanaingia kwenye mfupa, na mwisho bata haamki. Likiwa bado doa dogo, loweka mguu kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi, kausha, funga, hamishia bata kwenye maranda makavu. Likishavimba usilikate kwa wembe nyumbani. Ita mtu. Mimi hugeuza nyayo za bata wangu kila Jumamosi, kazi ya dakika tano.

Sasa niseme jambo ambalo nalirudia mpaka nachosha watu: sumukuvu. Mahindi yakiota ukungu, nyumbani husemwa "wape kuku". Na bata wakiwepo, "wape bata, wao wanakula chochote". Hakuna mfugo mnayeweza kumkosea zaidi ya huyo. Mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa bila ugonjwa kujulikana, na vifaranga vya bata pia wakafa. Ilikuja kugundulika ni mashudu ya karanga yaliyoagizwa kutoka Brazili, yakiwa na sumu ya ukungu. Ndipo sumukuvu ilipotambuliwa. Na unajua wanasayansi walivyokuwa wakiipima kwenye chakula miaka ile? Walikilisha kifaranga cha bata, kisha wakaangalia ini lake. Walimchagua yeye kwa sababu dozi ambayo kifaranga cha kuku anaivumilia, wa bata inamuua.

Hiyo sumu haifi kwa kupikwa, na chakula kinaweza kuonekana safi kikawa nayo. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa yake hukaa kwenye ganda na kiini cha punje, yaani ndani ya zile pumba tunazochukua mashineni. Bata mkubwa hafi siku hiyohiyo. Ini linachakaa polepole, anakonda, anapunguza mayai, na baada ya miaka michache anakufa "ghafla". Nimepasua wengi wa namna hiyo, ini limekuwa gumu na la manjano. Na wenye bata hao nao wanakula mahindi ya gunia lile lile. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 125 walikufa kwa sumukuvu ya mahindi. Kwa hiyo nunua pumba kidogokidogo za wiki moja au mbili, weka gunia juu ya chaga, na chochote kilichonuka uvundo kitupe shimoni.

Madume. Mtu ana majike manne na madume matatu, anajivunia. Baada ya miezi majike hawana manyoya kisogoni, mgongo una majeraha, mmoja anachechemea. Dume moja kwa majike manne au matano linatosha, wa ziada chinja au uza. Na dume la bata lisiachwe na kuku mitetea peke yake. Jogoo hana uume, bata anao, na mtetea anaweza kuumizwa ndani hadi akafa. Nikieleza hili mbele ya wazee huwa naangalia chini, lakini linatakiwa lisemwe.

Jike naye anachoka kwa kuatamia. Akiwa juu ya mayai anatoka mara moja tu kwa siku, dakika chache, anakunywa, anajisaidia, anarudi. Siku 35 za namna hiyo zinamtoa nyama kifuani. Ukimwachia kila akitaga aatamie, anaweza kufanya hivyo mara tatu au nne kwa mwaka, na atazeeka akiwa mdogo. Mimi namruhusu mara mbili. Baada ya hapo mayai nayaokota kila siku na kiota nakiondoa. Anapotaga, mwekee chombo cha pembeni chenye maganda ya chaza au ya mayai yaliyosagwa, ale kadiri anavyotaka.

Magonjwa siyapi nafasi kubwa, bata ni wagumu. Kideri virusi vyake wanavibeba mara nyingi bila kuugua, kwa hiyo ukiwachanganya na kuku, kuku ndio wapate chanjo kila miezi mitatu, na wasilale banda moja. Mzoga wowote uani uzikwe siku hiyo. Bata akila funza wa mzoga shingo inalegea, halafu basi. Banda liwe na wavu wa matundu madogo mpaka chini, maana nguchiro haogopi mtu wala taa.

Jambo moja dogo lililoniuma. Bata wa fundi wa kuchomelea alikonda wiki mbili, kinyesi cha kijani, akafa. Nilimpasua palepale kwenye gunia. Kwenye firigisi nilikuta vipande vya waya, msumari wa inchi moja na kichembe cha bati, vyote vimesuguliwa vikang'aa kama vimepigwa msasa. Bata anaokota kila kinachomeremeta. Bati na misumari ya bati ina zinki, na firigisi inaisaga mpaka iwe sumu. Ujenzi ukiisha, pita na sumaku uani. Fundi yule sasa anayo moja, ameifunga kwenye fimbo.

Mwezi uliopita nilipita tena Chumbageni. Nikampa bibi shikamoo, akanionyesha bata wake kabla hajanikaribisha kiti. Ameacha kutaga. Jicho la kushoto limeingia ukungu. Zamani alikuwa analala juu ya ukuta wa choo cha nje, sasa haruki tena, na bibi amempangia matofali mawili pembeni ya mlango wa jiko, anapanda hapo magharibi ikiingia. Nikamshika, nikamgeuza nyayo: laini, safi. Bibi akaniuliza kama kuna dawa ya jicho. Nikamwambia hakuna, ila beseni la maji na sahani visihamishwe mahali vilipo, asije akaanza kuvitafuta.