Kulabu za boti la kuokolea: dhana na ukweli

"Hatari iko meli ikizama, mazoezini tunacheza tu." Ripoti ya wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza ya mwaka 2001 ilipitia miaka 10 na kukuta mabaharia 12 wamekufa na 87 wamejeruhiwa kwa ajali za boti za kuokolea. Wote walipatwa kwenye mazoezi au majaribio, tena chini ya usimamizi wa watu wenye ujuzi na vyeti.

"Kulabu ikionekana imefunga, basi imefunga." Hii ndiyo inayoua. Boti huning'inia kwa kulabu mbili, moja kila ncha, zinazoshika pete za waya za winchi. Boti linaporudishwa melini, mdomo wa kulabu unaweza kushika pete vizuri kabisa huku kifungio cha ndani hakijazunguka hadi mwisho. Likiwa majini, halina shida. Winchi ikianza kuvuta, uzito wote unaangukia kulabu, mtikisiko kidogo tu na moja inaachia. Boti linaning'inia kwa ncha moja, watu wanamwagika. Kwa hiyo simamisha winchi boti likishaacha maji tu, ukakague alama kwenye kulabu zenyewe, ya omo (mbele) na ya tezi (nyuma). Mpini wa kufungulia kulabu kurudi mahali pake pekee hakutoshi.

"Kwa nini basi kulabu ifunguke ikiwa na mzigo? Zipigwe marufuku." Machi 1980, jukwaa la Alexander L. Kielland, la wafanyakazi wa mafuta, lilipinduka Bahari ya Kaskazini, watu 123 wakafa. Boti 4 zilishushwa, lakini ni moja tu iliyofaulu kujinasua kwenye waya, kwa sababu kulabu hazikufunguka zikiwa zimebeba uzito. Sharti la kulabu zinazofunguka hata chini ya mzigo lilianza kwa meli mpya Julai 1986. Lilikuwa sahihi, ila mitambo mingi iliyofuata ilikuwa migumu kurudisha na kufunga sawasawa.

"Kulabu mpya zimemaliza tatizo." Kanuni za tangu 2013 zinataka uzito wa boti usiweze kuifungua kulabu, na za zamani zisizofaa zilipewa hadi Julai 2019 ziwe zimebadilishwa. Ni hatua kubwa. Lakini Februari 2013, huko La Palma, Visiwa vya Kanari, mabaharia 5 wa meli ya watalii Thomson Majesty walikufa boti lao lilipoanguka: waya ulikatika, ulikuwa umeliwa na kutu.

Wala mazoezini hakuna ulazima wa kujaza watu botini. Mwongozo wa kimataifa unashauri boti lishushwe na kupandishwa kwanza likiwa tupu, ndipo waingie wale tu wanaohitajika kuliendesha.