Steringi asiyefungua mdomo

Nilimwona Claude kwa mara ya kwanza kwenye banda la gemu, nimesimama nyuma ya benchi nasubiri zamu yangu. Mwenye pedi alikuwa anacheza GTA San Andreas, kafika pale steringi wake, CJ, anapomkuta Catalina, mpenzi wake wa zamani, na bwana wake mpya. Catalina anabwata, CJ anajibu, yule bwana katulia kama maji mtungini. Banda zima likatoa hukumu palepale: "Huyu bubu." CJ mwenyewe hakuwa mbali na sisi, maana naye anamtukana jamaa kwa huo ukimya wake. Wachache tulijua kwamba bwana yule ndiye Claude, steringi wa GTA III iliyotoka 2001, na kwamba hata huko kwake, kwenye gemu iliyo yake mwanzo hadi mwisho, hakutamka neno.

Masteringi wa namna hii ni wengi: Link wa Zelda, Gordon Freeman wa Half-Life, Chell wa Portal, Crono wa Chrono Trigger. Na kila wanapotajwa, maneno ni yaleyale. Nayachukua moja moja, ingawa hayana uzito sawa.

"Ni bubu"

Hapa Kiswahili kinatusaidia: bubu ni mmoja, mkimya ni mwingine. Bubu hawezi kusema. Mkimya anaweza, ila hasemi, au anasema sisi tukiwa hatupo. Crono hatamki kitu saa zote unazomwongoza, lakini gemu yake ya 1995 ina miisho mingi, na katika mmojawapo anaongea na wenzake kama mtu yeyote. Jack wa BioShock (2007) unamsikia mwanzoni kabisa, amekaa ndani ya ndege. Ndege ikishaanguka baharini, sauti yake nayo inazama. Artyom wa Metro 2033 anakusimulia habari zake wakati gemu inapakia, ukianza kutembea naye anafunga kinywa. Hata Link, kinara wa kundi hili, kwenye Zelda II ya 1987 kuna maandishi yanayotokea akisema ameokota kioo chini ya meza. Yamempata makubwa kuliko hilo, na bado hilo lilimtoa neno.

Chell ndiye anayeitwa bubu waziwazi, na anayemwita hivyo ni GLaDOS, kompyuta inayojaribu kumuua. Huo ni ushahidi wa adui.

"Hawakuwa na hela ya waigizaji wa sauti"

Kwa gemu za miaka ya 1980, sawa, karibu kila mhusika alisema kwa maandishi. Lakini tazama Half-Life ya 1998. Wanasayansi wanaongea, walinzi wanaongea, askari wanaitana kwa redio. Mike Shapiro aliwaigiza walinzi na pia yule mtu wa suti na mkoba, G-Man. Maikrofoni zilikuwepo. Ila gemu yote unaiona kwa macho ya Gordon. Kamera haitoki nje kukuonyesha uso wake, hakuna vipande vya filamu vya kukukatiza. Ukikaa ndani ya macho ya mtu kwa muda wa saa kumi, halafu ghafla koo lake likajibu jambo ambalo wewe hukulifikiria, unashtuka kama aliyeguswa bega gizani.

Kwa GTA III, wanaosema hivi wana nusu ya ukweli. Rockstar, watengenezaji wake, waliwahi kueleza kwamba ukimya wa Claude ulimsaidia mchezaji kujiona ndani yake, lakini sababu kubwa ni kwamba walikuwa na matatizo mengine mengi ya kutatua na hili halikuonekana kubwa. Naamini. Walikuwa wanajenga mji mzima wa pande tatu (3D). Mwaka uliofuata ikaja Vice City, na steringi wake Tommy Vercetti ana sauti ya Ray Liotta.

"Hana tabia, ni ganda tupu"

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo iliyo mbali zaidi na kweli.

Half-Life 2 (2004), stesheni ya treni, Gordon ndiyo kwanza ameshuka. Askari wa zamu anaangusha kopo la soda chini kwa makusudi na kukuamuru uliokote, ulitie kwenye pipa la taka. Hakuna orodha ya majibu ya kuchagua. Ukiliokota ukalitia, anacheka na kukupisha. Ukimtupia usoni, anakufukuza na rungu lake la umeme. Nimewaona watu wazima wenye familia, wapole kazini, wanamtupia lile kopo bila kufikiri mara mbili, na nimemwona kijana mmoja mkorofi akilitia kwenye pipa kwa adabu kisha akakaa kimya muda mrefu. Hakuna sentensi ambayo mwandishi angempa Gordon pale ikafikia uzito wa lile kopo. Na angalia nani amelifanyia kazi tukio hilo: askari. Amri ni yake, kicheko ni chake, rungu ni lake.

Hivyo ndivyo mhusika mkimya anavyoandikwa. Tabia yake imetiwa vinywani mwa wengine, kama vile umjuavyo jirani asiyesalimia kwa yale wanayosema watu dukani.

Chrono Trigger ilikuwa imekwisha kulifanya hilo mapema zaidi na kwa ujanja zaidi. Mwanzoni Crono yuko kwenye sherehe za mji. Unazurura tu. Unagongana na msichana, mnaanguka wote wawili, na kidani chake kinadondoka. Kuna chakula cha mtu mezani na hakuna anayekilinda, unaweza kukila. Kuna mtoto amepotelewa na paka. Baada ya saa kadhaa unakamatwa, unafikishwa mahakamani kwa kosa la kumteka binti mfalme, na mashahidi wanaanza kupanda kizimbani: ulikula chakula cha mzee wa watu? Ulikimbilia kidani kabla ya kumtazama msichana kama ameumia? Yule mtoto na paka wake, ulimsaidia? Wazee saba wa baraza wanapiga kura mmoja mmoja. Crono amesimama katikati na hajasema lolote la maana, lakini tabia yake yote imewekwa mezani, na ni wewe uliyeiweka. Mara ya kwanza nilikuwa nimekila kile chakula. (Ukishinda kesi utafungwa vilevile, jambo ambalo msomaji yeyote aliyewahi kufuatilia kesi atalielewa.)

Wengine wamegeuza ukimya kuwa kichekesho. Portal 2 (2011) inaanza na Wheatley, kijiroboti chenye maneno mengi, kikimpima Chell kama ubongo wake umeharibika. Kinamwambia aseme kitu, na kwenye skrini kunatokea kitufe cha kubonyeza ili useme. Unabonyeza. Chell anaruka. Kinamwambia hapo umeruka, basi jaribu kusema "tufaha". Unabonyeza tena. Anaruka tena. Doom ya 2016 ilichagua hasira: mtu anaanza kumweleza steringi mambo makubwa kupitia skrini ya ukutani, naye anaishika na kuisukumia mbali. Umeshamjua ni mtu wa namna gani, na hujafikisha dakika kumi.

Na Breath of the Wild (2017) ilifanya jambo ambalo Zelda ilikuwa haijazoea kulifanya: ilitoa sababu. Ndani ya kasri la Hyrule kuna shajara ya binti mfalme, na humo ameandika kwamba alimuuliza Link mbona hasemi. Jibu lake ni kwamba macho ya watu wote yako juu yake, hivyo anaona lazima awe imara na kubeba mzigo wake kimya. Kijana mwenye woga, kumbe. Tumelijua hilo kwa mkono wa mtu mwingine, tena.

"Ni mambo ya kizamani, yamekwisha"

Wapo waliouacha mtindo. Isaac Clarke wa Dead Space hakusema mwaka 2008, akasema kuanzia sehemu ya pili ya 2011, na gemu ya kwanza ilipotengenezwa upya 2023 akapewa sauti humo pia. Yuji Horii, baba wa gemu za Dragon Quest, naye amekiri kwamba picha zinavyozidi kufanana na watu halisi, steringi anayesimama tu bila kusema anaanza kuonekana mjinga. Ana haki, uso wa vijidoti vichache ulisamehewa mengi.

Lakini njia haiendi upande mmoja. Kampuni ya Bethesda ilimpa steringi wa gemu yake Fallout 4 (2015) sauti mbili, ya mwanamume na ya mwanamke, kila mwigizaji akarekodi zaidi ya mistari 13,000. Wachezaji wakalalamika: majibu yalikuwa manne tu, kwa maneno mafupi, na mara nyingi unachagua jambo moja mhusika anatamka jingine. Mashabiki wakaunda programu ya kuonyesha sentensi nzima kabla hujachagua. Starfield, gemu nyingine ya Bethesda, ilipotoka 2023, steringi alikuwa amerudi kuwa mkimya.

"Hasemi, kwa hiyo ni wewe"

Hata jina la Link lina maana ya kiungo, kati ya gemu na mchezaji, kwa hiyo dhana hii haikutoka hewani. Ila kuunganishwa si kugeuka. Gordon Freeman ana miaka 27, ana shahada ya uzamivu ya fizikia kutoka MIT, na hayo yanaandikwa mbele yako treni ikiwa bado inakupeleka kazini. Mimi fizikia nilipata alama ambazo sitazitaja. Tena ukimya ukizidi unamtoa mchezaji nje badala ya kumvuta ndani: katika Metro Exodus (2019) Anna, mke wa Artyom, anamweleza mapenzi na hofu zake kwa dakika nzima, na mumewe anamkodolea macho. Mimi siye ninayemnyamazia mke wangu pale. Nataka kumjibu na sina kitufe.

Pale bandani hatukuhitaji kitufe. Catalina aliendelea kubwata, Claude akaendelea kutazama mbele, na jamaa mmoja aliyekuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa akachoka kusubiri. Akamjibu Catalina kwa niaba ya Claude, kwa Kiswahili, kwa sauti nzito ya steringi, maneno ambayo hapa siwezi kuyaandika. Mwenye banda alimtoa nje, lakini kila aliyekuja baada yake na kufika misheni ile aliyarudia.