Krismasi ya Bagamoyo: lipi sheria, lipi mazoea

Desemba ikiingia yanarudi maneno yaleyale, kijiweni, kwenye jumuiya na nje ya kanisa watu wakisubiri bodaboda: fulani kala nyama ya kuchinjwa na Mwislamu, fulani kapokea Komunyo katoka kula, fulani kaingiza mti sebuleni. Mengi ya hayo ni mazoea yaliyovishwa joho la sheria. Tuanze na lile linalogusa sufuria, maana ndilo linalogombanisha watu.

"Mkristo hali nyama iliyochinjwa na Mwislamu"

Kanisa Katoliki halina amri hiyo. Paulo aliwaambia Wakorintho wale kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza (1 Wakorintho 10:25). Na huyo anayekataa mbuzi wa Krismasi, ajiulize nyama ya bucha aliyokula mwaka mzima ilichinjwa na nani.

Bagamoyo jirani wa ukuta kwa ukuta mara nyingi ni Mwislamu. Kumwita mchinjaji ni adabu tu ya mwenye shughuli anayetaka wageni wake wote wale. Mchinjaji huambiwa mapema, si kugongewa mlango alfajiri ya sikukuu. Mbuzi hulazwa ubavu, akaelekezwa kibla, jina la Mungu likatajwa, kisu kikali kikapita koromeo, umio na mishipa mikubwa ya damu ya shingo. Kichwa hakitenganishwi hapohapo, wala ngozi haianzi kuchunwa mnyama angali anatapatapa. Kosa la vijana wenye haraka ni kumaliza kazi wenyewe, kisha wakamwita mzee "aje asome". Hapo hakuna cha kusoma. Mnyama ameshakufa.

"Ukishamwita mchinjaji, jirani atakula"

Si lazima. Jirani anaweza kuwa na hakika na mbuzi, akawa na shaka na jiko. Kama nyumba hiyo hupika kitimoto, yanayoharibu ni madogo: mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa, ubao mmoja wa kukatia, mwiko uliotoka sufuria hii ukaingia ile, bia iliyomiminwa kwenye rosti ili nyama ilainike. Dawa ni kutenga vyombo tangu tarehe 24. Iliyo rahisi zaidi, na wenyeji wanaijua, ni kumwomba mama jirani aje na sufuria zake asimamie pilau mwenyewe. Mara nyingi atalipika vizuri kuliko mwenye nyumba.

Kwa hesabu, kilo 1 ya mchele hulisha watu 7 hivi. Weka nyama robo tatu ya kilo kwa kila kilo ya mchele. Mbuzi wa kilo 24 akiwa hai hutoa nyama na mifupa pungufu kidogo ya nusu ya uzito huo, kwa hiyo hutosha pilau la kilo 10 na kubakiza nyama ya mchuzi. Pilau la shughuli huharibika kwa maji: mchele mpya hunywa kidogo kuliko wa zamani, na anayepima kwa mazoea ya mwezi jana hupata bokoboko. Maji yakishakauka, punguza moto chini, palia makaa juu ya mfuniko, usikoroge tena.

"Ukila jioni, usipokee Komunyo kwenye Misa ya usiku"

Mfungo wa Ekaristi ni saa moja, na huhesabiwa hadi kupokea Komunyo, si hadi Misa kuanza. Maji na dawa havifungui mfungo. Wazee, wagonjwa na wanaowauguza hawabanwi na saa hiyo. Basi aliyekula saa kumi na mbili jioni na Misa ikaanza saa tatu hana la kuhofia.

Wengine hudhani aliyesali mkesha tarehe 24 anadaiwa Misa nyingine asubuhi. Hadaiwi. Lakini akirudi hatasikia yaleyale, kwa sababu Krismasi ina Misa nne, kila moja na Injili yake: ya mkesha husomwa ukoo wa Yesu katika Mathayo 1, ya usiku Luka 2:1-14, ya alfajiri wachungaji wanafika Bethlehemu, ya mchana "Hapo mwanzo kulikuwako Neno". Anayesali ya mchana peke yake kila mwaka huishia kulalamika kwamba hasomewi habari za kuzaliwa. Aamke mapema.

Na sikukuu ikiangukia Ijumaa, kama mwaka 2026, nyama inaliwa. Katazo la Ijumaa huondoka panapokuwa na sherehe kubwa ya Kanisa.

"Mamajusi walikuwa wafalme watatu, wakamkuta mtoto horini"

Mathayo hataji idadi wala ufalme. Anataja zawadi tatu: dhahabu, uvumba na manemane. Tena anasema waliingia nyumbani. Waliofika horini ni wachungaji wa Luka. Ng'ombe na punda hawamo katika Injili zote mbili. Walitolewa Isaya 1:3. Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna udhuru kidogo, maana Biblia yetu imeandika "hori ya kulia ng'ombe", na msomaji akishaona ng'ombe katika maneno humwona na zizini.

"Krismasi waliileta Wajerumani, na mti wao"

Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, wengi wao Wafaransa, walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 wakitokea Zanzibar. Kampuni ya Wajerumani ilishika utawala wa pwani hii miaka 20 baadaye, 1888. Mti wa Krismasi ndio wenye asili ya Ujerumani. Wanaoupinga kwa Yeremia 10 wasome mistari yote: pale mti unachongwa na fundi, unapambwa na kufanywa mungu. Tawi la mvinje lenye puto haliabudiwi na mtu.

Ila mvinje una hatari yake. Ukikauka unashika moto upesi, kwa hiyo mishumaa ikae mbali. Tawi la mita moja na nusu likatwe tarehe 23, lisimikwe kwenye ndoo ya lita 20 iliyojazwa mchanga mbichi robo tatu, limwagiwe maji kila siku. Na lisikatwe ovyo ufukweni, kwa sababu mivinje ile ndiyo inayoshika mchanga.

"Boxing Day ni siku ya ngumi"

Mapambano ya ndondi yapo siku hiyo, lakini jina linatokana na maboksi ya zawadi na sadaka huko Uingereza. Kanisani tarehe 26 ni ya Mtakatifu Stefano, shahidi wa kwanza.

"Baada ya hapo Krismasi imekwisha"

Ndiyo kwanza inaanza. Majilio, yale majuma manne ya zambarau, yalikuwa maandalizi. Kipindi cha Noeli huendelea hadi Ubatizo wa Bwana, kati ya tarehe 7 na 13 Januari. Anayebomoa pango, lile la sanamu za kuzaliwa Yesu, tarehe 27 amewafungia mamajusi mlango. Sanamu zao huwekwa Epifania, sikukuu ya kufika kwao, na wengine huzisogeza kidogo kila siku kutoka mlangoni, watoto wakipokezana zamu.