Karl Weierstrass: mwalimu wa sekondari aliyeipa kalkulasi msingi imara

Mwaka 1854, jarida la hisabati la Crelle la mjini Berlin lilitoa makala iliyowashangaza wanahisabati wa Ulaya. Mwandishi wake, Karl Weierstrass, alikuwa mwalimu wa sekondari huko Braunsberg, Prussia Mashariki. Hisabati na fizikia alifundisha, lakini pia botania, mwandiko na mazoezi ya viungo! Shahada hakuwa nayo. Baba yake alimpeleka Bonn asomee sheria na uchumi, akatoka miaka minne baadaye mikono mitupu. Mwaka huohuo wa 1854 Chuo Kikuu cha Königsberg kikamtunuku udaktari wa heshima, na mwaka 1856 akahamia Berlin.

Sisi tunaofundisha kalkulasi, tawi la hisabati linalochunguza mabadiliko, tunamkumbuka zaidi kwa swali moja. Wakati huo watu walizoea kusema namba fulani "inakaribia" nyingine. Yeye akataka kujua: inakaribia kwa kiasi gani? Chukua kiwanja cha mraba chenye upande wa mita 10, eneo lake mita za mraba 100. Ukiniambia kosa la eneo lisizidi mita moja ya mraba, nitakujibu: pima upande usikosee zaidi ya sentimita 4. Ukitaka kosa lisizidi nusu ya hapo, nitasema sentimita 2. Kila unapobana, nami ninalo jibu. Hizo ndizo epsiloni (kosa la eneo unaloruhusu) na delta (kosa la upande ninalokujibu) zinazowatoa jasho wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kwa kweli hazina uchawi wowote.

Mwaka 1872 aliwaonyesha wanachuoni wa Akademia ya Berlin mchirizi wa ajabu, yaani mstari wa grafu: haukatiki popote, ila hauna mteremko hata kwenye nukta moja. Mchirizi wa kawaida ukiukuza sana huonekana kama mstari mnyofu. Huu, ukuze utakavyo, meno yake hayaishi.

Tangu alipougua mwishoni mwa 1861, alifundisha ameketi huku mwanafunzi akimwandikia ubaoni. Hakuacha kufundisha. Mwanahisabati Mrusi Sofia Kovalevskaya alipofika Berlin mwaka 1870, chuo kikuu kilimkatalia kuingia darasani kwa kuwa ni mwanamke. Weierstrass akamfundisha faraghani, bila malipo, kwa miaka minne. Mwaka 1874 Chuo Kikuu cha Göttingen kikampa Kovalevskaya udaktari, na mwaka 1889 akawa profesa kamili huko Stockholm.