Je, wajua tarehe iliyogongwa kwenye mtungi wa kuzamia inasema nini?

Kengele ya shule moja hapa Dodoma ni mtungi wa aluminiamu uliokatwa kitako, ukaning'inizwa kwenye mkwaju. Hugongwa kwa kipande cha nondo. Ni mtungi wa mzamiaji (wa kupiga mbizi, si yule anayejificha melini), na namna ulivyofika huku kwenye mizabibu, zaidi ya kilomita 300 kutoka baharini, hakuna anayejua. Begani unasomeka: DOT-3AL3000, S80, halafu 6 na 98, na pembeni 6 na 03.

Mara ya kwanza nilimwambia mwalimu wa zamu bila hata kusita: umetengenezwa 1998, muda wake uliisha 2003.

Pakiti ya maziwa imetuzoesha vibaya. Tukiona tarehe mbili, ya kwanza tunaiita ya kuzaliwa na ya pili ya kufa. Kumbe Juni 2003 ndio mwezi mtungi ule ulipofanya mtihani ukafaulu. Kati ya 6 na 03 kuna herufi moja na tarakimu tatu ndogo zilizopangwa mraba, husomwa kwa kuzunguka kama mshale wa saa. Hiyo ni alama ya kituo kilichopima. Kwa kanuni za Marekani mtihani hurudiwa kila baada ya miaka 5, kwa hiyo ungeruhusiwa kujazwa hadi Juni 2008. Hata hapo ungekuwa umeishiwa ruhusa tu, kama dereva mwenye leseni iliyopita muda. Ukipimwa tena ukafaulu, unagongwa tarehe nyingine na kurudi kazini. Mimi nilisoma cheti cha afya nikatangaza msiba.

Mengine ni mepesi. DOT ni Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, inayojali mtungi ukiwa barabarani kuliko ukiwa baharini. 3AL ni aina ya mtungi wa aluminiamu. 3000 ni shinikizo la kujazia, pauni kwa inchi ya mraba, karibu mara 100 ya upepo wa tairi la gari dogo. S80 ni futi za ujazo 80 za hewa, ingawa kwa kawaida hushika 77 na ushei.

Mtihani wenyewe ndio ulioniteka. Mtungi hujazwa maji, hutumbukizwa kwenye pipa lililojaa maji na kufungwa, kisha maji ya ndani husukumwa hadi pauni 5000. Mtungi hunenepa kidogo, kiasi ambacho jicho halikioni. Lakini chovya ngumi kwenye sufuria ya chai iliyojaa hadi ukingoni: kitakachomwagika ni ukubwa wa ngumi yako. Vivyo hivyo maji ya pipani, yakikosa pa kwenda, hupanda kwenye kijibomba chenye vipimo. Halafu shinikizo linaachiliwa. Mpira wa manati ulio mzima ukiuachia hurudi urefu wake; uliochoka hubaki umelegea. Unene uliobaki ukizidi asilimia 10 ya kunenepa kote, mtungi umeshindwa. Maji hutumika kwa kuwa hayabanikiki kirahisi: mtungi ukipasuka, nguvu inaisha palepale, ilhali hewa iliyobanwa ingeondoka na ukuta.

Cheti hicho, hata hivyo, ni cha siku ile tu. Mtungi ukipita motoni mwezi unaofuata, aluminiamu yaweza kulegea na tarehe ikabaki vilevile.

Ulioshindwa unaweza kugongwa mfululizo wa herufi X juu ya 3AL3000. Nilirudi kuutazama wetu, sikuona X hata moja. Huenda haukurudishwa mtihanini. Huenda ulishindwa na aliyeupima hakujisumbua kugonga. Mwalimu wa zamu alinisubiri nimalize kuupapasa, akachukua nondo, kipindi cha nne kikaanza.