Kalibu ya vichezeo vya plastiki: maana yake, na usalama unaoanzia ndani yake

Chukua kigari chochote cha plastiki cha mtoto, ukigeuze chali mwangani. Utaona mstari mwembamba uliozunguka mwili mzima kama mshono wa nguo. Tumboni kuna viduara vidogo vilivyodidimia, na mahali fulani pana kikovu, kana kwamba kuna kitu kilichokatwa. Hizo zote ni alama za kalibu. Mstari ni pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Viduara ni nyayo za pini zilizokisukuma kigari kitoke. Kikovu ni kama kitovu: ndio mlango ambao plastiki ya moto ilipitia kuingia.

Kalibu basi, au moldi kama wanavyosema mafundi wengi, ni chombo chenye uwazi wa umbo fulani. Unajaza kitu kiowevu, kinaganda, kinatoka na umbo lile. Ya kiwandani kwa kawaida ni ya chuma. Upande mmoja una shimo linaloumba sura ya nje, upande wa pili una kiini kinachoumba sura ya ndani. Mashine huyeyusha punje za plastiki (ABS, plastiki ngumu ya vichezeo vingi, huhitaji takriban nyuzi 220 hadi 250 za Selsiasi), huzisukuma kwa shinikizo kubwa ndani ya kalibu iliyobanwa, maji yanayopita kwenye vijia vya ndani ya chuma huipoza, kalibu hufunguka, pini husukuma. Kinatoka kimoja, mashine inaanza kingine. Vichwa vya wanasesere laini vina njia yao: PVC (plastiki ya mabomba mengi ya maji) ikiwa katika hali ya majimaji hutiwa kwenye kalibu inayozungushwa kwenye joto mpaka itande kwenye kuta. Na anayefanya kazi hii nyumbani kwa kawaida humimina rezini, kiowevu kinachoganda kuwa plastiki, kwenye kalibu ya silikoni.

Ukimuuliza mtu kuhusu usalama wa kichezeo, atakutajia rangi na kemikali. Hakosei. Lakini sehemu kubwa ya hatari imeshaamuliwa kwenye chuma kabla ya punje ya kwanza kuyeyuka, na kosa lililochongwa kwenye kalibu hujinakili katika kila kichezeo kinachotoka humo.

Mfano mzuri ni mstari wa kukutania, ambao wasio mafundi hawaujui kabisa. Plastiki ikiingia kwenye kalibu na kukuta nguzo, tuseme ile inayoacha tundu la ekseli ya gari, hugawanyika mikondo miwili na kuungana tena nyuma ya nguzo. Mikondo ikifika pale imeshapoa kidogo, haishikani sawasawa. Hubaki mstari mwembamba kama unywele, na hapo ndipo kigari huvunjikia siku kikianguka. Gurudumu linachomoka, na gurudumu lililochomoka linatosha mdomoni. Fundi wa kalibu akihamisha mlango wa kuingilia plastiki, mstari nao huhamia mahali pengine, pasipobeba uzito. Kichezeo ni kilekile kwa macho, plastiki ni ileile.

Ndiyo maana vipimo vya usalama hujumuisha kukidondosha. Kwa kanuni za Marekani, kichezeo cha mtoto wa miezi 18 au chini huangushwa mara 10 kutoka kimo cha takriban mita 1.37 kwenye sakafu ngumu. Vipande vitakavyokatika hutiwa kwenye kikopo maalumu chenye upana wa milimita 31.7, chenye kitako cha mshazari, kina chake kikianzia milimita 25.4 hadi 57.1. Kikopo hicho kinawakilisha koo la mtoto wa chini ya miaka 3. Kipande kikiingia chote bila kulazimishwa, kichezeo hakifai kwa umri huo.

Kingine kinachotoka moja kwa moja kwenye kalibu ni makali. Nusu mbili zisipobanwa vya kutosha, au kingo zake zikichakaa, au uchafu ukikaa katikati, plastiki hupenya na kuacha utando mwembamba kando ya ule mstari wa mshono. Utando huo ukiwa wa plastiki ngumu hukata ngozi. Kupima makali, hasa ya kingo za chuma na kioo, maabara huvingirisha utepe wa PTFE, aina ileile ya plastiki ya utepe mweupe wa mafundi bomba, kwenye kijiti cha chuma, kisha hukizungusha kijiti mara moja dhidi ya ukingo. Utepe ukikatika nusu ya urefu wake au zaidi, ukingo huo ni mkali. Wewe nyumbani pitisha pamba juu ya mshono. Ikinasa nyuzi, chunguza vizuri kabla ya kumpa mtoto.

Kuna na suala la nafasi kati ya sehemu zinazosogea. Kanuni ya Ulaya, EN 71, inaeleza hivi: nafasi ikiruhusu kijiti cha milimita 5 kuingia, basi iruhusu na cha milimita 12. Kwa maneno mengine, ama kidole kisiingie kabisa, ama kiingie na kutoka bila kubanwa. Kipimo hiki huwasumbua mafundi, kwa sababu kalibu ina tabia moja isiyosameheka: kukwangua chuma ni rahisi, kukirudisha ni kazi ya kulehemu au kuchonga kipande kipya. Ukikwangua chuma, plastiki huongezeka. Fundi makini kwa hiyo huacha chuma cha ziada sehemu zenye vipimo nyeti, hujaribu, hupima, halafu hukwangua kidogokidogo.

Kwenye malighafi nitapita haraka, maana yameandikwa mengi. Vilainishi vya PVC viitwavyo fthaleti vimewekewa kikomo: kwa aina kadhaa, Ulaya na Marekani haziruhusu kupita asilimia 0.1 ya uzito. Madini ya risasi, Marekani, yasizidi sehemu 100 kwa milioni. Plastiki nyeusi ya kurejelezwa itiliwe shaka zaidi, kwa sababu hutoka wakati mwingine kwenye makasha ya vifaa vya umeme yaliyotiwa kemikali za kuzuia moto, ambazo hazina kazi yoyote kwenye kichezeo.

Anayesimama mbele ya mashine ana hatari zake. PVC ikipashwa kupita kiasi hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, inayochoma koo na mapafu na kuila kalibu yenyewe. Plastiki ya asetali ikiungua hutoa formaldehidi. Plastiki hizi mbili zikikutana kwenye bomba la mashine zinaweza kuzaa gesi kwa ghafla na kurusha plastiki ya moto nje, ndiyo maana bomba husafishwa kwa plastiki nyingine isiyogombana nazo kabla ya kubadilisha malighafi. Plastiki iliyoyeyuka ikigusa ngozi hung'ang'ania. Ipoze kwa maji palepale, usiibandue, nenda kwa daktari. Kalibu yenyewe inaweza kuwa na uzito wa mamia ya kilo, na hainyanyuliwi kwa winchi kabla nusu zake hazijafungwa pamoja, zisije zikaachana hewani. Na mlango wa mashine una swichi inayoizuia kubana ukiwa wazi. Kuna wanaoiziba ili kazi iende mbio. Nguvu ya kubana ya mashine hizi huhesabiwa kwa tani, hata zile ndogo. Mkono hauna mjadala nayo.

Wa nyumbani wasidhani wamepona kwa kuwa hawana mashine. Epoksi, aina mojawapo ya rezini, inaweza kuifanya ngozi iikatae daima: siku moja unawashwa, na baada ya hapo hata tone dogo linakurudishia upele. Rezini za poliyurethani zina kemikali za isosayanati zinazoweza kusababisha pumu, na kutonuka hakumaanishi hewa ni safi. Fungua madirisha, vaa glavu za nitraili, vaa kinyago unaposugua kwa msasa. Usimimine kiasi kikubwa kwa mkupuo, kwa kuwa rezini hujipasha yenyewe inapoganda. Chungu cha shinikizo cha kuondoa mapovu kisizidishwe hata kidogo juu ya kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Na tanuri la jikoni si mahali pa kuyeyushia vifuniko vya chupa, hata kama video imeonyesha mtu akifanya hivyo akitabasamu. Kichezeo cha rezini ambacho hakijapimwa na yeyote ningekiweka rafuni kama pambo. Mtoto anayetia vitu mdomoni simpi.

Halafu kuna kalibu ambazo zenyewe ni vichezeo, zile za mchanga na za unga wa kufinyangia. Yenye umbo la nusu mpira au kikombe kidogo, mdomo wake ukiwa kati ya milimita 64 na 102, inaweza kufunika pua na mdomo wa mtoto mchanga na kung'ang'ania kwa mvuto wa hewa. Kanuni zina kipengele mahususi kwa maumbo hayo, na suluhisho mojawapo ni kuacha matundu mawili yaliyotengana ili hewa ipite. Wazazi wengine huyaona na kudhani bidhaa ina kasoro, kwamba mchanga utavuja. Kiwandani matundu hayo huweza kupangwa tangu kwenye chuma: pini mbili ndani ya kalibu, na kila kikombe kinazaliwa nayo.