Laiki ulizopata ndizo ulizoziomba

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na dada mmoja mwenye duka la mapazia Kariakoo: "Kaka, nimesponsa laki nzima, nimeambulia laiki. Instagram ya Bongo haiuzi." Neno hili nimelisikia kwa wauza viatu, wauza viwanja, hata kwa mwenye zahanati, na kila nikifungua simu ya mhusika nakuta jambo lile lile. Pesa ilifanya kazi iliyotumwa.

Ukibonyeza kitufe cha kusponsa posti, yaani kulipia ionekane na watu wengi zaidi, unaulizwa unataka nini: watu watembelee profaili yako, waingie kwenye tovuti, au wakutumie meseji. Wengi wanalipita swali hilo kama wanavyopita masharti ya kusajili laini, na ndilo linaloamua kila kitu. Meta, kampuni yenye Instagram na WhatsApp, inawajua watu kwa mazoea yao. Yupo anayelaiki kila kinachopita. Yupo anayetazama video hadi mwisho bila kugusa kitu. Yupo asiyelaiki kabisa, ila akipenda gauni anaandika "bei?" dakika hiyo hiyo. Nafasi ya tangazo inauzwa kwa mnada, na mwenye dau kubwa si lazima ashinde: mfumo unazidisha dau lako kwa uwezekano wa mtu huyo kufanya ulichoomba, halafu unaongeza alama za ubora wa tangazo. Ukiomba watazamaji unaletewa watazamaji, tena kwa bei nafuu, kwa sababu hakuna anayewagombania. Dada yangu aliomba watembelea profaili. Walikuja, wakatazama mapazia, wakaenda zao.

Kwa hiyo chagua meseji na uipeleke WhatsApp, maana huko ndiko biashara yetu inakofungwa. Usiliguse tangazo kila asubuhi. Mfumo unahitaji kama matokeo 50 ndani ya siku 7 ili utulie, na ukibadilisha jambo kubwa unaanza upya. Maandishi yawe ya Kiswahili. Kama unatumia aifoni, lipia kwenye kivinjari, kwa sababu tangu 2024 Meta imeanza kuwatoza wanaosponsa ndani ya programu za aifoni ada ya Apple ya asilimia 30. Ilianzia Marekani kisha ikasambazwa nchi nyingine.

Sasa nije kwenye linaloniudhi hasa: "Bei njoo DM," yaani mteja aulize bei kwa meseji ya faragha.

Nawaelewa wanaoandika hivyo. Wanaogopa mshindani ataiona bei. Jamani, jirani yako wa mtaa wa pili anachukua mzigo kwenye kontena lile lile na bei yako anaijua kabla hujaifahamu mwenyewe. Asiyeijua ni mama wa Mbagala mwenye bando la kubahatisha, aliyeona pazia saa 4 usiku watoto wakiwa wamelala. Anaandika "bei?" Wewe umelala. Asubuhi una meseji 40 za neno hilo hilo moja, unaanza kujibu kuanzia ya juu, wateja wa dukani wanaingia, unaiacha simu kaunta.

Tulikaa na huyo dada kwenye viti vya plastiki mbele ya duka, nikamwomba anionyeshe WhatsApp ya biashara. Tukashuka hadi meseji ya siku tatu nyuma, mteja ameuliza pazia la dirisha la futi 6, rangi ya maziwa. Haikuwa imefunguliwa. Nikamwambia ajibu sasa hivi. Akaandika kwa adabu, samahani mpenzi kwa kuchelewa, akataja bei. Haikupita dakika, jibu likaja: "Asante dada, nilishanunua." Akaniangalia. Mteja huyo alikuwa na pesa mkononi na aliletwa na tangazo alilosponsa mara ya pili, safari hiyo akichagua meseji. Utasemaje Instagram haiuzi?

Tukaandika bei kwenye picha yenyewe, tukaongeza "tunaleta kwa bodaboda, unalipa ukipokea". Tukabadilisha na ile meseji iliyoandikwa tayari ambayo mteja anabonyeza tu kutuma. Sasa inasema: "Nahitaji pazia, dirisha langu ni futi..., nipo..." Anayejaza nafasi hizo anakuwa ameshasimama kupima dirisha lake.

Hapo lazima niwe mkweli. Bei ikiwa wazi, meseji zinapungua, na wapo wenye biashara ninaowasaidia matangazo waliopaniki wakaniamuru niifute. Kwa mapazia, viatu na vipodozi nasimama imara: iandike. Kwa viwanja na sofa za mamilioni bado sina msimamo. Nimeona bei ikiwakimbiza watu kabla hawajasikia kwamba wanaweza kulipa kidogo kidogo, na nimeona pia ikiokoa siku nzima ya kujibu watu wasio na uwezo.

Vipimo navyo si vya kuaminika kama ripoti zetu zinavyojifanya. Mama wa Mbagala anapiga picha ya skrini, anamtumia mdogo wake, mdogo wake anapanda daladala hadi Kariakoo na kulipa kwa Lipa Namba. Meta hailioni hilo, na mimi pia. Ndiyo maana nawaomba wenye maduka wamuulize kila mnunuzi ametuona wapi na waandike kwenye daftari, ingawa wengi watajibu "Insta" hata kama waliona kwenye status ya rafiki.

Dada ameanza upya na shilingi 10,000 kwa siku. Simu ya biashara sasa anakaa nayo binti wa shangazi yake kuanzia jioni hadi saa 5 usiku. Nimemwambia asiongeze bajeti hata shilingi mpaka mishahara ya mwisho wa mwezi ipite na tulifungue daftari pamoja.